Motokrosi kuukuu, adabu mpya: mambo kumi ya kuigeuza iwe ya trayali, kutoka la kipuuzi hadi la lazima

Tuwatenganishe kwanza wagomvi. Motokrosi ni mashindano ya pikipiki ya kuwahi. Kundi zima linatoka kwa mkupuo, matope yanaruka, watu wanapaa juu ya vilima, na anayefika wa kwanza ndiye bingwa. Trayali haina haraka na mtu. Unaingia peke yako kwenye kipande kifupi cha mawe, mizizi na vijito, na unatakiwa utokee upande wa pili bila kugusa mguu chini. Ukigusa mara moja, unaandikiwa alama 1. Mara mbili, 2. Mara tatu au zaidi, 3, hata kama miguu imetembea kuliko magurudumu. Ukishindwa kutoka kabisa, 5. Alama 4 haipo, na nakuomba usiniulize ilikwenda wapi. Mwenye alama chache ndiye mshindi, kwa hiyo ukimsikia mtu anajisifu kwamba kapata nyingi, mpe pole.

Sasa kuna watu, hasa kule Uingereza, ambao huzitoa stoo motokrosi za miaka ya 1960 na 1970 na kuzigeuza ziwe za trayali. Wanamchukua mkimbiaji wa mita mia na kumfundisha kutembea juu ya kamba. Wana wazimu? Kidogo. Lakini wana ushahidi. Bultaco ya Barcelona ilitengeneza motokrosi iliyoitwa Pursang na trayali iliyoitwa Sherpa T, na injini zao ni za ukoo mmoja. Montesa walikuwa na Cappra na Cota. Greeves wa Uingereza walikuwa na Hawkstone ya kuruka na Scottish ya kutambaa. Hata binadamu amewahi kuvaa kofia zote mbili: Jeff Smith alishinda Scottish Six Days Trial, mashindano ya trayali ya siku sita huko Uskoti, mwaka 1955, kisha akawa bingwa wa dunia wa motokrosi ya 500cc mwaka 1964 na 1965, zote kwa pikipiki za BSA. Ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja alikunywa kahawa nyingi.

Mgonjwa wetu leo ni Bultaco Pursang 250 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Usimdharau. Mwaka 1973 Jim Pomeroy alishinda Grand Prix ya Hispania juu ya Pursang na kuwa Mmarekani wa kwanza kushinda Grand Prix ya motokrosi. Mgonjwa huyo ndiye tunayetaka kumfundisha kutembea polepole na kusalimia watu.

Kanuni ya orodha ni moja: jambo linapanda daraja kwa kadiri linavyokupunguzia alama kwa kila shilingi na kila tone la jasho. Uzuri hauhesabiwi. Kelele hazihesabiwi. Ukitaka kupinga, subiri hadi mwisho. Najua hutasubiri.

10. Rangi mpya

Kila mradi huanza na kopo la rangi, kwa sababu rangi ndiyo kazi pekee ambayo mtu asiye fundi anaweza kuifanya na kupiga picha siku hiyohiyo. Kwenye tangi la Bultaco kuna nembo ya mkono ulionyanyua dole gumba. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wa kampuni, Francesc Bultó, aliipata kwa mwendeshaji Mwingereza David Whitworth, aliyekuwa akiwaonyesha mafundi wake ishara hiyo kuwaambia mambo yako sawa. Hadithi nzuri, nembo nzuri. Jiwe halisomi nembo.

Pikipiki ya trayali huanguka, tena huanguka kwa mwendo wa mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hakuna drama, hakuna vumbi, inalala tu ubavu taratibu mbele ya watu wote, na rangi yako ya wiki mbili inabaki kwenye mwamba.

Hukumu: paka mwisho kabisa, na upake kwa brashi ili roho isiume.

9. Kuhamisha gia kutoka kulia

Bultaco nyingi za zama hizo zina gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Kuelekea katikati ya miaka ya 1970 ndipo mambo yalipoanza kuhamia upande tuliouzoea, kwa kuwa Marekani, soko kubwa, ilitaka gia zote ziwe kushoto. Mtu aliyekulia kwenye boksa ya bodaboda atakanyaga breki na kushangaa injini inalia, au atabadili gia na kushangaa gurudumu limekwama.

Lakini fikiri. Kwenye trayali unachagua gia kabla ya kuingia kwenye mawe na kwa kawaida unatoka nayo ileile. Gia haiguswi. Breki ya nyuma ndiyo inayoguswa, na mguu wa kushoto unaweza kufundishwa.

Hukumu: zoea. Kuchonga shafti mpya ni ghali kuliko kubadili tabia, ingawa mke wako atakuambia tofauti.

8. Kukata kiti na kupunguza uzito

Hapa ndipo grinda inapotoka kabatini na watoto wanaambiwa waende ndani. Kiti cha motokrosi ni kirefu na kinene. Cha trayali ni heshima tu, kipo ili ukirudi nyumbani kwa barabara usionekane umeibiwa. Kata, punguza sponji, weka tangi dogo jembamba ili magoti yapite. Ondoa kila kisichofanya kazi.

Wapo watakaoweka kila bolti kwenye mzani. Sawa. Pikipiki za trayali za kiwandani siku hizi zinacheza karibu na kilo 70, na ukizinyanyua unaweza kudhani wamesahau kuweka injini. Ila kabla hujaanza kutoboa matundu kwenye kila chuma, kumbuka Sammy Miller wa Belfast. Alishinda Scottish Six Days Trial mwaka 1962 na 1964 kwa Ariel ya 500cc ya mipigo minne, kipande cha chuma cha zaidi ya kilo 100 chenye namba ya usajili GOV 132. Ni kweli aliipunguza uzito kwa miaka, sehemu baada ya sehemu. Bado lilikuwa dude.

Hukumu: wembamba unasaidia kuliko wepesi. Na kabla ya kulaumu kilo kumi za fremu, hebu angalia kwanza zile zilizo juu ya mkanda wa suruali.

7. Kabureta ndogo

Motokrosi ya 250cc ya wakati ule inaweza kuwa na kabureta ya milimita 32, 34, hata 36. Hilo ni koo la kumeza hewa nyingi kwa resi ya mwisho. Trayali inaishi kwenye resi ya robo, na kwenye robo hiyo koo pana linapitisha hewa kivivu, petroli haichanganyiki vizuri, na injini inajibu baada ya kufikiri. Punguza hadi karibu milimita 27, hewa inakimbia, mkono ukisogea kidogo na injini inasogea kidogo.

Kwa nini basi namba 7 tu? Kwa sababu kuna watu hubadilisha kabureta peke yake, wanakaa miezi sita wakibadili jeti na kukausha plagi, halafu wanasema mradi wote ni laana. Kabureta ni mfanyakazi mtiifu. Bosi ni egzosi, na tunamfikia.

Hukumu: fanya, lakini usifanye kwanza.

6½. Swali la jamaa aliyekaa nyuma

"Kwani si ununue tu Sherpa T ambayo tayari ni ya trayali?"

Una haki, ndugu yangu, na ndiyo maana nimekupa nusu nafasi. Lakini ngoja nikusimulie Sherpa T ilizaliwaje. Mwishoni mwa mwaka 1964 huyohuyo Sammy Miller aliliacha dude lake la Ariel na kwenda Hispania. Bultó alikuwa na shamba, shamba lilikuwa na mawe, na kiwanda kilikuwa na mafundi wa kuchomelea. Kwa siku chache wakawa wanajaribu, wanakata, wanachomelea, wanajaribu tena, wanakata tena. Mwaka 1965 Miller akaipeleka Uskoti, na Bultaco ikawa pikipiki ya kwanza ya kigeni kushinda Scottish Six Days Trial. Waingereza walikuwa wamezoea kugombea kombe hilo wao kwa wao, BSA akimchokoza AJS, AJS akimnunia Ariel. Ghafla mgeni kutoka Barcelona, mwenye injini ndogo ya mipigo miwili inayotoa moshi, kalibeba. Ulipofika mwaka 1975 na trayali ikawa na ubingwa rasmi wa dunia, bingwa wa kwanza, Martin Lampkin, alikuwa juu ya Bultaco.

Kwa hiyo unapokata na kuchomelea Pursang yako, hufanyi uhuni. Unafanya walichofanya wenyewe, ila wao walikuwa na Sammy Miller na wewe una shemeji.

Angalizo moja tu, na hapa natoa kofia ya mzaha: Pursang iliyokamilika, yenye vifaa vyake vyote vya asili, usiiguse. Iuzie mtu anayeipenda, na fedha hizo zitakununulia Sherpa uliyoitaja. Anayefaa kugeuzwa ni yule mifupa mitupu aliyekutwa nyuma ya banda, asiye na tangi, asiye na kiti, asiye na wa kumlilia.

6. Egzosi

Injini ya mipigo miwili, ile inayonyweshwa petroli iliyochanganywa na oili, ina siri moja ya aibu: nusu ya nguvu zake zinatoka kwenye bomba la moshi. Kama umewahi kubebwa nyuma ya Yamaha AG100 ya bwana shamba unaijua harufu yake. Sasa ielewe na akili yake. Moshi unapotoka unatuma wimbi la mgandamizo ndani ya bomba. Wimbi linafika pale tumbo la egzosi linapobana, linagonga, linarudi, na likirudi kwa wakati unaofaa linasukuma ndani ya silinda ule mchanganyiko mpya uliokuwa unataka kutoroka. Wakati unaofaa kwa motokrosi ni mizunguko ya juu sana. Chini ya hapo wimbi linarudi muda usio wake, na injini inakohoa.

Ndiyo maana Pursang ya kawaida ina tabia mbili: haipo, au ipo yote. Juu ya mwamba wenye utelezi, tabia hiyo inaitwa ambulensi.

Egzosi ya trayali ni nyembamba, ina unyenyekevu, na inapita juu na ndani isije ikapondwa na jiwe au kumchoma mtu paja. Ukiiweka, nguvu za juu zinakufa na za chini zinaamka. Ukiwa hapohapo, fungua na kofia ya silinda upunguze mgandamizo wa injini. Na hapa naomba ukae wima: punguza kwa kuchonga chumba cha juu au kwa gasketi nene ya *juu*. Usiweke kipande cha kuinua silinda kutoka *chini*. Ukiinua silinda, tundu la moshi linafunguka mapema zaidi, na injini inazidi kupenda mizunguko ya juu. Utakuwa umetumia hela kuongeza ugonjwa.

Hukumu: inachosha, inachafua, inafanya kazi. Na wasikilizaji kwenye mawe watasikia unavyopumua, jambo ambalo huenda usilipende.

5. Sproketi

Bei ndogo, kazi ya asubuhi moja, matokeo kabla ya chai ya saa nne. Sproketi ndogo mbele, kubwa nyuma, basi. Bodaboda wa milimani hawahitaji kuelezwa na mimi.

Tatizo ni kwamba gia za motokrosi zimekaa karibukaribu, kwa sababu pale mtu hataki injini ishuke mizunguko kati ya gia moja na nyingine. Ukishusha namba moja mpaka itambae, namba tano nayo inashuka, na kwenye barabara kati ya kipande kimoja cha mawe na kingine utapitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba magunia. Atakupungia mkono. Mpungie na wewe. Sanduku la gia la trayali limepangwa kwa ujanja zaidi: gia za chini zimebanana, kisha kuna mruko hadi za kusafiria.

Hukumu: nafasi ya tano ni dharau kwa kitu cha bei hii. Anayetaka kuipandisha ana kura yangu ya siri.

4. Pembe ya uma wa mbele

Shika usukani wa Pursang, uukunje kushoto hadi mwisho. Umeishia pale? Ndiyo, umeishia pale. Motokrosi haikutengenezwa ili igeuke ndani ya chumba cha kulala.

Uma wake wa mbele umelazwa, mara nyingi karibu nyuzi 30 kutoka wima, ili pikipiki ijinyooshe yenyewe inapokimbia juu ya mashimo. Trayali inataka uma uliosimama, nyuzi 26 au pungufu, ili gurudumu liwe karibu na ligeuke pale uliposema. Nyuzi hizo nne ndizo tofauti kati ya kukata kona na kwenda kukata kona mtaa wa pili.

Njia ni mbili. Ya kishujaa ni kukata shingo ya fremu na kuichomelea upya. Fremu ikikatika shingo ukiwa juu yake, shujaa ni yule aliyeshuka. Kama huna fundi anayejua chuma hicho na mwenye kifaa cha kuishikilia fremu isipinde, achana nayo.

Ya kiungwana ni kuinua nyuma na kushusha mbele. Weka shokapu ndefu kidogo nyuma, telezesha mabomba ya uma yapande ndani ya vishikio vyake. Kwa pikipiki yenye karibu milimita 1,400 kutoka ekseli hadi ekseli, kila milimita 24 au 25 za tofauti kati ya mbele na nyuma zinakupa nyuzi 1. Ndiyo, ni ile trigonometria uliyomwambia mwalimu kwamba hutaitumia maishani. Kisha chonga vizuizi vya usukani ili ukunjike zaidi, na hakikisha hauli vidole vyako kwenye tangi.

Hapa ndipo uzee wa pikipiki unakuwa baraka. Karibu na mwaka 1974 motokrosi ziliingia kwenye mashindano ya shokapu ndefu. Maico wakasogeza za nyuma mbele zaidi ili gurudumu lipande juu, Yamaha wakaja na shokapu moja tu chini ya tangi, na viti vikapaa. Pikipiki za kabla ya hapo, ambazo gurudumu la nyuma linacheza sentimita kumi hivi, ni fupi na za kawaida, na kwa kazi yetu kawaida ndiyo tunayoitaka. Mtu akikuuzia motokrosi ya mwaka 1979 akisema ni "mpya zaidi", mwambie ndiyo tatizo lenyewe.

Hukumu: wengi wangeiweka namba moja. Nimewasikia. Wakae.

3. Tairi

Nyuma 4.00-18, mbele 2.75-21. Bahati nzuri rimu za Pursang zinakubali. Tairi la motokrosi lina vijiti virefu vilivyoachana ili vichimbe udongo. Juu ya jiwe vijiti hivyo vinasimama kwa ncha, vinapinda, na vinakutupa. Tairi la trayali lina vipande vifupi vilivyobanana na kuta laini, na siri yake yote iko kwenye upepo: psi 5 hivi nyuma, kidogo zaidi mbele. Umesoma vizuri. Fundi wa pancha wa kijiweni kwetu akiona psi 5 atakurudishia hela na kukuita kijana usiye na adabu.

Kwa upepo huo tairi linajikunja juu ya jiwe na kulikumbatia. Kwa upepo huohuo linaweza kuzunguka peke yake ndani ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu, kwa hiyo weka kishikizo cha tairi kwenye rimu kabla hujajifunza kwa njia ya kusukuma.

Hukumu: ndicho kitu pekee kwenye orodha hii ambacho kitakufanya uonekane umeboreka bila kuboreka.

2. Flaiwili

Sasa tunaingia kwa wakubwa. Flaiwili ni lile gurudumu zito la kwenye injini linaloendelea kuzunguka kwa ukaidi hata ukiachia resi. Motokrosi inalitaka jepesi, ili injini ipande na kushuka kwa kasi ya hasira. Motokrosi nyingi za miaka ya 1970 zina rota ndogo ya ndani ambayo ukiishika mkononi utauliza nyingine iko wapi.

Trayali inalitaka zito kwa sababu tatu, na zote ni za kiutu uzima. Moja, injini haizimi hata ikishuka hadi unaweza kuhesabu milipuko. Mbili, mkono wako ukitetemeka, na utatetemeka, mshtuko haufiki kwenye tairi, kwa hiyo tairi haliserereki. Tatu, uzito unaozunguka ni akiba: unapiga resi kabla ya ngazi ya mwamba, unaachia klachi, na akiba inakupandisha.

Unaongeza kwa kufunga pete ya chuma au shaba juu ya rota. Iweke uzito wake ukingoni, kwa sababu umbali kutoka katikati ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya ukaidi inazidi mara nne. Nusu kilo ukingoni inaweza kushinda kilo nzima katikati. Ila pete hiyo lazima ichongwe sawasawa, isawazishwe na ifungwe na mtu mwenye mashine ya kuchongea na dhamiri, maana ikilegea ikiwa kwenye mizunguko elfu sita itaomba ruhusa ya kutoka kupitia kifuniko, na haitasubiri jibu.

Najua, mafundi wote wa dhati wameshasimama. "Flaiwili ndiyo roho ya trayali!" Ni kweli. Flaiwili inabadilisha tabia ya injini kuliko kabureta na sproketi zikiunganishwa. Lakini inataka vipimo, mashine, na mtu wa kumlipa.

Hukumu: roho, ndiyo. Namba moja, hapana.

1. Vikanyagio

Vyuma viwili. Mahali pa kuweka nyayo. Nasikia watu wanafunga gazeti.

Rudi. Vikanyagio vya motokrosi vimekaa juu na mbele, kwa sababu mwendeshaji wake anakaa, anasimama, anainama, anapaa. Wa trayali anasimama tu, kuanzia alama ya kuingilia hadi ya kutokea. Ukimsimamisha kwenye vikanyagio vya motokrosi, kifua kinaangukia usukani, magoti yanagonga tangi, na uzito wote uko mbele, mahali ambapo hakuna tairi linalosukuma. Virudishe nyuma karibu sentimita 5 na uvishushe sentimita 3 au 4. Mgongo unanyooka. Uzito unahamia juu ya tairi la nyuma, nalo linang'ata. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na unalinyanyua kwa kurudisha nyonga, bila kupiga resi kama unamkimbia askari. Kitovu cha uzito, ambacho wengine wanakishusha kwa kukata fremu, kimeshuka kwa sababu wewe mwenyewe, mzigo mkubwa kuliko wote, umeshuka.

Ndiyo, pedeli ya breki na mkono wa gia lazima vifuate. Ndiyo, vikiwa chini vitagonga mawe, kwa hiyo viwe vya kukunjika na viwe na springi. Na uchomeleaji uwe wa kweli, maana hapo ndipo unaposimama mwili mzima. Hata hivyo ni alasiri moja na chuma chakavu. Hakuna kitu kingine kwenye orodha hii kinachotoa kiasi hicho kwa bei hiyo.

Na mchezo wenyewe unahesabu nini? Haujali kasi wala nguvu za farasi. Unahesabu miguu. Mwaka 1961 Gordon Jackson alishinda Scottish Six Days Trial juu ya AJS akiwa amepoteza alama 1 kwa siku zote sita. Mguu mmoja, mara moja, kati ya mawe yote ya Uskoti. Mimi hupoteza zaidi ya hapo nikishuka kwenye daladala.

Hukumu: namba moja, na gasketi yangu haivuji.

Hoja za kupinga zinapokelewa saa zote, kwa sharti moja. Mwenye hoja aitoe akiwa amesimama juu ya vikanyagio, pikipiki imetulia, miguu haijagusa chini. Akigusa mara moja, namwandikia 1 na namsikiliza. Akianguka, ni 5, na flaiwili inabaki namba mbili.